Hesabu ya Ng'ombe Waliokufa Katika Theluji



Maafa yakiingia katika nchi, neno la kwanza la watu ni hili: "Serikali itusaidie." Ni neno la haki, maana watu hulipa kodi katika miaka ya shibe, nao wana haki ya kutazamia mkono wa serikali katika mwaka wa njaa. Walakini wachache hujiuliza maswali yanayofuata neno hilo. Ni nani atakayehesabu kilichopotea? Ni nani atakayeshuhudia ya kuwa hesabu ni ya kweli? Ni nani atakayepewa, na nani atakayerukwa? Na fedha zenyewe zitafika lini, mtu angali na nguvu za kuanza tena, au akiisha kuuza shamba lake?

Somo hili lataka kuyajibu maswali hayo kwa habari ya wilaya moja ya mashamba katika nchi ya Marekani. Nimeichagua wilaya hiyo kwa sababu mambo yake yalionekana wazi, mema ya msaada pamoja na kasoro zake. Someni polepole, fungu kwa fungu, kisha yajibuni maswali yaliyo mwishoni.

1. Nchi na kazi ya watu wake

Katika Marekani liko jimbo liitwalo South Dakota. Mto mkubwa wa Missouri hulikata jimbo hilo vipande viwili. Upande wa mashariki ni nchi ya mahindi na soya. Upande wa magharibi mvua ni chache, miti ni haba, na nchi yote ni majani. Basi watu wa huko hufuga ng'ombe na kondoo. Huko magharibi ndiko iliko wilaya ya Meade. (Wao huziita wilaya zao kaunti, kama wafanyavyo watu wa Kenya siku hizi.) Meade ni kubwa kwa eneo kuliko wilaya zote za jimbo hilo, yapata kilomita za mraba 9,000, lakini mwaka wa 2010 watu wake walikuwa 25,000 na zaidi kidogo tu. Wengi wao hukaa upande wa mji wa Sturgis, karibu na milima ya Black Hills. Ukiiacha milima na kwenda mashariki, utasafiri mwendo mrefu kutoka nyumba hata nyumba.

Wengi katika jimbo hilo ni wajukuu wa watu waliohamia kutoka Norway na Ujerumani, na Walutheri kati yao ni wengi. Lakini wenyeji wa kwanza ni Walakota, ambao hata leo wana nchi yao iliyopakana na Meade upande wa mashariki, kando ya mto Cheyenne.

Yafaa tujue mwaka wa mfugaji wa huko jinsi unavyokwenda. Ndama huzaliwa baridi inapoanza kupungua, kuanzia mwezi wa Machi. Wakati wa joto ng'ombe hukaa katika malisho ya mbali, mahali pa wazi. Mwezi wa Oktoba na Novemba ndama huuzwa, na majike hurudishwa karibu na nyumba, penye mabonde na miti ya kukinga upepo. Basi fedha za ndama ndizo mshahara wa mwaka mzima. Kwa fedha hizo hulipwa deni la benki, na kodi ya malisho, na ada ya watoto shuleni. Mtu huvuna mara moja kwa mwaka, na mavuno yake hutembea kwa miguu minne.

2. Dhoruba ya Oktoba 2013

Tarehe 3 Oktoba 2013 mvua ya baridi ilianza kunyesha. Siku zilizotangulia zilikuwa za joto, na ng'ombe hawajaota bado manyoya mazito ya majira ya baridi. Mvua ikawalowesha hata ngozini. Kisha mvua ikageuka kuwa theluji, na upepo ukavuma kwa nguvu, mahali pengine kadiri ya kilomita 110 kwa saa. Dhoruba haikutulia hata tarehe 5. Katika mji wa Lead, ulio milimani, theluji ilifika inchi 55, ndiyo kama mita moja na sentimita 40. Utabiri wa hali ya hewa ulisema theluji itakuja, lakini ilizidi yale watu waliyotazamia, na ng'ombe walikuwa wangali katika malisho ya mbali, mahali pasipo mti wala ukuta.

Ng'ombe akipigwa na upepo wa namna hiyo hugeuza mgongo na kwenda upepo unakokwenda. Basi walikwenda. Theluji ilizifunika nyua, nao wakapita juu yake bila kuziona. Wengine walitumbukia katika vijito na makorongo, wengine walilundikana mahali pamoja wakafa kwa baridi na uchovu, na wengine walikutwa mbali sana na malisho ya mwenyewe. Katika sehemu ya magharibi ya jimbo walikufa makumi ya maelfu ya ng'ombe, pamoja na kondoo na farasi. Wako wafugaji waliopoteza wanyama wachache, na wako waliopoteza nusu ya kundi na zaidi kwa siku tatu.

Tufikiri kidogo hasara hiyo ilikuwa ya namna gani. Jike akifa, mwenyewe hakupoteza mnyama mmoja. Amempoteza jike, na ndama aliye ubavuni mwake ambaye angeuzwa majuma machache baadaye, na ndama aliye tumboni ambaye angeuzwa mwaka ufuatao. Tena amepoteza kazi ya miaka mingi ya kuchagua mbegu njema, maana kundi zuri halinunuliwi sokoni kwa siku moja. Hujengwa na baba, likarithiwa na mwana.

3. Mlango uliofungwa mara mbili

Mtu wa Meade aliyeona mizoga ya ng'ombe zake, kwa desturi angekwenda kwenye ofisi ya kilimo ya serikali kuu iliyo katika wilaya. Ofisi hizo ziko karibu kila mahali penye mashamba, na ndizo zinazopokea madai ya maafa. Lakini juma lile zilikuwa zimefungwa. Baraza la kutunga sheria la nchi lilishindwa kupatana juu ya matumizi ya fedha, na kuanzia tarehe 1 Oktoba 2013 hata tarehe 16 kazi nyingi za serikali kuu zilisimama. Makarani walikuwa nyumbani, hata kupiga simu hakukuwa na faida.

Huo ni mlango wa kwanza. Mlango wa pili ulikuwa mzito zaidi. Hata kama karani angalikuwapo mezani pake, hangalikuwa na neno la kumpa mfugaji, maana sheria yenyewe ilikuwa imekwisha. Sheria ya kilimo ya mwaka wa 2008 iliweka msaada kwa mifugo inayokufa kwa maafa, lakini iliuwekea mwisho, tarehe 30 Septemba 2011. Sheria mpya ilikuwa bado kutungwa, kwa kuwa sheria ya kilimo ya Marekani ina mambo mengi ndani yake, na mojawapo ni chakula cha maskini wa mijini na mashambani. Wakuu walibishana juu ya kiasi cha chakula hicho, na mwezi wa Juni 2013 mswada ulikataliwa katika nyumba moja ya baraza. Basi mfugaji wa Meade alingoja katika jambo ambalo yeye hakulianza.

Hapa tujifunze neno la kwanza. Msaada wa serikali si mvua inayonyesha yenyewe. Ni sheria, na sheria ina siku ya kuanza na siku ya kwisha. Watu wengi hawaiulizi sheria mpaka siku ya msiba, na siku hiyo huona ya kuwa mwavuli waliouamini ulikuwa na tundu tangu miaka miwili.

4. Msaada wa zamani

Mtu asidhani ya kuwa wazo la kuwalipa wakulima waliopatwa na maafa ni jipya katika nchi ile. Katika miaka ya 1930 ukame mkubwa uliishika nchi yote ya majani, na tufani za vumbi zikaifanya mchana kuwa usiku. Malisho yalikauka, bei ya ng'ombe ikaanguka, nao wenye mifugo hawakuwa na majani wala mnunuzi. Katika miaka ya 1934 na 1935 serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilinunua ng'ombe zaidi ya milioni 8 katika wilaya zilizotangazwa kuwa za ukame. Waliokonda mno waliuawa papo hapo. Waliobaki walichinjwa, nyama ikatiwa katika makopo na kugawiwa maskini.

Katika mpango huo kulikuwa na busara moja ambayo yafaa ikumbukwe. Malipo yaligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilikuwa bei ya ng'ombe, na mwenye kumdai mfugaji aliweza kulishika. Fungu la pili lilikuwa la mfugaji mwenyewe, asiloweza kuliondoa mwenye deni. Waliotunga mpango walijua ya kuwa msaada usiomfikia mtu mkononi, bali upitao juu ya kichwa chake kwenda benki, haumwachii hata unga wa siku moja.

5. Daftari, chapa, na shahidi

Turudi Meade. Ofisi imefungwa, sheria imekwisha, na mizoga imetapakaa katika matope, maana theluji iliyeyuka upesi na mito ikafurika. Je, wafugaji wafanye nini? Vyama vya wafugaji na wakuu wa jimbo waliwapa shauri moja: Hesabuni, andikeni, pigeni picha. Wafanyeni watu wengine waone. Sheria yaweza kurudi, na ikirudi itauliza ushahidi.

Shauri hilo lilikuwa gumu kulifuata. Mizoga haingoji, kwa kuwa huleta magonjwa na kuharibu maji. Ilipasa kuzikwa, au kuchomwa, au kupelekwa kiwandani. Katika wilaya ya Pennington, iliyo jirani, yalichimbwa mashimo makubwa ya kuizikia. Basi mfugaji alikuwa na siku chache tu kati ya kuuona mzoga na kuuzika. Aliyezika kwanza na kuhesabu baadaye, alizika na ushahidi wake pamoja.

Tena ng'ombe wengi walikufa mahali pasipo pao, katika malisho ya watu wengine. Hapo chapa iliokoa wengi. Katika upande wa magharibi wa jimbo hilo ng'ombe huwekwa chapa ya moto, na chapa zote zimeandikwa katika daftari la jimbo. Wakaguzi wa chapa walisaidia kuwatambua wanyama, wafu na wazima, na kuwapasha habari wenyewe. Jirani aliyekuta ng'ombe kumi wa mtu mwingine katika korongo lake alimpelekea habari, akampigia na picha.

Serikali ilipofungua mlango baadaye, iliuliza vyeti vya namna hii: picha zenye tarehe, hati za daktari wa mifugo, hati ya kiwanda kilichopokea mizoga, karatasi za mkopo wa benki zilizoonyesha idadi ya kundi, na hesabu za kodi. Ikiwa mtu hakuwa na vyeti vya kutosha, aliweza kumleta shahidi: mtu mwingine ambaye hana fungu katika mali ile, anayejua kwa macho yake kundi lilivyokuwa na lililokufa, naye aandike jina lake chini ya maneno yake.

Walimu, angalieni neno hilo la shahidi. Ninyi mnajua kusoma na kuandika, na kwa hiyo watu huwajia wakisema, "Mwalimu, niandikie ya kuwa walikufa ishirini." Naye moyoni ajua walikuwa kumi na wawili. Huona si dhambi, maana fedha ni ya serikali, na serikali haina uso. Lakini fikirini. Mahali msaada unaposimama juu ya neno la shahidi, shahidi mmoja mwongo hawaibii wakubwa wa mji mkuu tu. Humwibia mjane wa kijiji cha tatu, ambaye mwaka ujao hataaminiwa, kwa kuwa wakaguzi wamekwisha kuona hesabu za uongo katika wilaya hiyo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaweza kuongeza: daftari la uongo huipoteza na mali ya jirani.

6. Majirani walitangulia

Kabla serikali haijanena, majirani walikuja. Wafugaji wa jimbo la Montana na wa majimbo mengine waliopona walitoa mitamba yenye mimba, wakaipakia katika malori, wakawapelekea watu wa South Dakota. Vyama vya wafugaji vilianzisha mfuko wa msaada, na fedha za kufika mamilioni ya dola zikatolewa na watu wa mbali na wa karibu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Walakini tusidanganyane. Mitamba hiyo haikuweza kuyajaza makundi yote yaliyopungua. Aliyepoteza mia akipokea watano ameonyeshwa pendo, lakini deni lake la benki liko palepale. Msaada wa jirani hufika upesi, ila ni mdogo. Msaada wa serikali ni mkubwa, ila hukawia. Mwenye kusema kimoja chatosha pasipo cha pili, bado hajapotewa na kundi lake. Mtamba mmoja katika zizi tupu humzuia mtu asikate tamaa mpaka fedha kubwa ije.

7. Sheria ilivyorudi, na hesabu yake

Tarehe 7 Februari 2014 Rais Barack Obama alitia sahihi sheria mpya ya kilimo. Sheria hiyo iliurudisha msaada wa mifugo, ikauondolea siku ya mwisho, tena ikarudi nyuma: hasara zote zilizopatikana tangu tarehe 1 Oktoba 2011 ziliweza kudaiwa. Tarehe 15 Aprili 2014 ofisi zilianza kupokea madai. Tangu dhoruba ilikuwa imepita miezi sita na zaidi. Waliotunza picha na daftari walikwenda nazo. Waliopuuza walianza kutafuta mashahidi.

Hesabu ilikwenda hivi. Serikali iliweka bei ya wastani ya mnyama wa kila namna, ikalipa sehemu 75 katika mia ya bei hiyo. Haikulipa kwa wanyama wanaokufa kila mwaka kwa desturi. Hao waliondolewa kwanza. Chukueni mfano wa kujifunzia tu. Mtu alikuwa na majike 200, wakafa 50. Tuseme vifo vya desturi ni mmoja na nusu katika mia. Basi 3 waondolewa, wabaki 47. Tuseme bei ya wastani ni dola 1,000. Basi kila jike atalipiwa dola 750. Zidisheni 47 kwa 750, mtapata dola 35,250. Hasara yake kwa bei ya soko ilikuwa dola 50,000. Tena ndama wa tumboni hakuhesabiwa kabisa.

Mwaka ule wa 2014 uliwekwa mpaka pia: mtu mmoja asipokee zaidi ya dola 125,000 kwa mwaka katika msaada wa mifugo, wa vifo na wa ukame pamoja. Nao waliokuwa na mapato makubwa, zaidi ya dola 900,000 kwa mwaka, hawakupewa. Mwaka wa 2018 mpaka ule wa dola 125,000 uliondolewa kwa upande wa vifo vya mifugo. Wako waliofurahi, wakisema hasara ni hasara hata kwa mwenye kundi kubwa. Wako walionung'unika, wakisema msaada unaopimwa kwa hasara humpa zaidi yeye aliyekuwa na zaidi. Maneno yote mawili yana kweli ndani yake. Msaada wa namna hii haukuwekwa ili kuwasawazisha watu. Uliwekwa ili shamba lililosimama jana lisianguke leo. Mwenye kutaka kuwainua maskini, lazima atafute na sheria nyingine kwa kazi hiyo.

Mtu aweza kuuliza, "Mbona wasilipe bei yote?" Naona robo ile iliyoachwa ina maana. Mtu ambaye atalipwa yote hana haja tena ya kuwahi kuwashusha ng'ombe kutoka malishoni. Aliyeachiwa robo ya hasara ataendelea kuyatazama mawingu.

8. Ramani ya ukame

Kwa theluji mizoga huhesabiwa. Kwa ukame jambo ni jingine, kwa sababu mfugaji mwenye akili huuza ng'ombe kabla hawajafa. Basi hana mizoga ya kuonyesha. Kwa ajili hiyo sheria ya 2014 ilitumia ramani. Tangu mwaka wa 1999 wataalamu wa Marekani, pamoja na chuo kikuu cha Nebraska, hutoa kila juma ramani ya ukame ya nchi nzima, yenye madaraja matano tangu ukavu mdogo hata ukame wa kutisha. Kwa sheria ile ya 2014, wilaya ikikaa majuma 8 mfululizo katika daraja la tatu wakati wa malisho, wenye mifugo walilipwa malipo ya mwezi mmoja. Ikipanda daraja la nne, malipo ya miezi mitatu. Na ukame ulipozidi kukaa au kupanda, hata miezi mitano. Malipo yalikuwa sehemu 60 katika mia ya gharama ya malisho iliyokadiriwa.

Njia hii ina wema mkubwa: haitaki shahidi wa mizoga, wala karani hawezi kumpendelea rafiki yake, maana ramani haijui jina la mtu. Lakini ina kasoro. Ilitosha sehemu yo yote ya wilaya kufikia daraja lile, na wilaya nzima ikahesabiwa. Basi mtu mwenye majani mabichi katika wilaya iliyotajwa aliweza kulipwa, na jirani yake ng'ambo ya mpaka, mwenye malisho makavu, akakosa. Tunaona ya kuwa kipimo chepesi hukosea kwa mipaka, na kipimo cha mtu mmoja mmoja hukosea kwa uongo na upendeleo. Wenye kutunga sheria huchagua lipi la kulivumilia.

9. Waliorukwa

Sasa nafika kwenye fungu gumu, nami sipendi kuliacha. Katika Marekani msaada wa kilimo husimamiwa katika wilaya na kamati ya wakulima wenyewe, waliochaguliwa na wenzao kwa miaka mitatu. Ni jambo jema, kwa kuwa mkulima amjua mkulima. Lakini ajuaye jirani yake aweza pia kumchukia.

Miaka ya 1930 serikali iliwalipa wenye mashamba ya pamba ili wapunguze kulima. Fedha zilipewa wenye ardhi, nao wengi hawakuwagawia wapangaji wao. Waliwafukuza, kwa kuwa shamba lisilolimwa halina haja ya mtu. Mwezi wa Julai 1934, karibu na mji wa Tyronza katika jimbo la Arkansas, wapangaji weusi na weupe waliungana wakafanya chama chao ili kudai haki.

Miaka mingi baadaye, mwaka wa 1997, mkulima mweusi wa North Carolina, Timothy Pigford, pamoja na wenzake, waliishtaki idara ya kilimo mahakamani. Walisema ya kuwa katika ofisi za wilaya watu weusi walinyimwa mikopo na malipo ya maafa, au walicheleweshwa mpaka majira ya kupanda yakapita. Mwaka wa 1999 hakimu alikubali mapatano, na maelfu ya wakulima wakalipwa jumla ya zaidi ya dola bilioni 1. Mwaka wa 2010 yakafanywa mapatano ya pili, ya dola bilioni 1.25, kwa wale ambao madai yao yalichelewa. Mwaka huo huo wa 2010 yalifanywa mapatano mengine ya dola milioni 760, kwa mashtaka yaliyoanzishwa mwaka wa 1999 na wenyeji wa asili, kati yao wafugaji wa jamaa ya Keepseagle kutoka Standing Rock, nchi iliyo kaskazini-mashariki ya Meade, kwa ajili ya mikopo ya serikali waliyonyimwa.

Wengi wa wazee waliodai haki hiyo walikuwa wamekwisha kupoteza mashamba, na wengine walikufa kabla ya kulipwa. Hasara ya theluji ilingoja miezi sita. Hasara ya dharau ilingoja miaka kumi na zaidi.

10. Mambo ya kushika

Basi ndugu zangu, tukusanye tuliyojifunza. Kwanza, sheria ya msaada iulizwe wakati wa shibe, isingojewe siku ya msiba. Pili, idadi ya mali iandikwe kabla haijapotea, maana hakuna awezaye kuthibitisha kilichokufa ikiwa hakuna aliyejua kilichokuwapo. Tatu, shahidi wa kweli ni mali ya kijiji kizima. Nne, msaada wa jirani na msaada wa serikali ni miguu miwili. Mwenye mguu mmoja huchechemea. Tano, kamati inayogawa isimamiwe na macho ya watu wote, na hasa itazamwe kwa habari ya wale wasio na mtu wa kuwasemea.

Maswali ya kujifunzia

1. Kwa nini mlango wa mfugaji wa Meade ulikuwa umefungwa mara mbili? Ni mlango upi ulio mbaya zaidi, na kwa nini?
2. Mtu alikuwa na majike 400, wakafa 90. Vifo vya desturi ni mmoja katika mia, na bei ya wastani ni dola 1,000. Atalipwa kiasi gani akilipwa sehemu 75 katika mia?
3. Taja wema mmoja na kasoro moja ya ramani ya ukame.
4. Mwenzako akikuomba uandike idadi isiyo ya kweli, nawe wajua ya kuwa hasara yake ni kubwa kweli, utamjibu nini? Jibu hili lisemwe mbele ya darasa lote, wala lisiandikwe.
5. Katika mahali pako, akija mgawaji wa msaada leo, ni nyumba gani itakayosahauliwa? Nendeni mkaitembelee kabla ya somo lijalo.